Bungua ndani ya bua kavu hajalala: maana na matumizi ya neno dayapozi

Swali: Mimi ni mwalimu wa biolojia wa sekondari mkoani Mbeya. Katika ripoti ya kilimo inayohusu bungua wa mahindi nimekutana na neno "dayapozi", na kamusi niliyo nayo hailitaji. Mwenzangu wa idara anasema ni kulala kwa mnyama wakati wa kiangazi, kama kamongo anavyojifukia kwenye matope. Wanafunzi nao wameniuliza kama mayai ya mbu wa dengi, yanayokaa makavu ukutani mwa pipa, yamo kwenye dayapozi. Lina maana gani hasa, na litumike kwa viumbe gani?

Jibu: Mwalimu, nianze na jibu fupi halafu tulichambue. Dayapozi ni kusimama kwa ukuaji ambako mwili wa kiumbe umekupanga kabla hali mbaya haijafika, na ambako hakukomi papo hapo hali nzuri inaporudi. Kwa kipimo hicho bungua wa ripoti yako yumo, mayai ya mbu wa dengi hayamo, na kamongo naye hayumo.

Wengi wakilisikia neno hili hutazama jinsi kiumbe alivyotulia, au mahali alipojificha. Hapo ndipo wanapopotea, kwa sababu viumbe wa aina nyingi hutulia na hujificha kwa sababu mbalimbali. Yanayopaswa kuulizwa ni mawili: nini kimeanzisha utulivu huo, na nini kitaumaliza? Wewe ni mwalimu, basi fikiria shule. Mvua kubwa ikinyesha, wanafunzi waliokuwa uwanjani hukimbilia barazani, na ikikatika wanarudi mchezoni dakika hiyohiyo. Likizo ya Desemba ni jambo jingine. Imepangwa kwa kalenda, huanza hata siku ikiwa nzuri ya kusoma, na uzuri wa hali ya hewa haufungui shule kabla ya tarehe. Dayapozi ni likizo. Ile ya barazani wataalamu huiita kwayesensi, na kwa Kiswahili cha kawaida inatosha kusema kiumbe ametulia kwa kukosa maji, joto au chakula.

Tofauti hii haikuwepo tangu mwanzo. Aliyelitumia neno kwanza ni Mmarekani William Morton Wheeler mwaka 1893, alipokuwa akieleza kiinitete cha mdudu wa jamii ya senene ndani ya yai. Kiinitete hicho hujisogeza na kujigeuza, na katikati ya miondoko hiyo kuna kituo kifupi. Wheeler alikiita kituo hicho dayapozi. Mwaka 1904 Mfaransa Henneguy alilipanua neno likabeba maana ya ukuaji uliosimama kwa jumla, na likaanza kutumiwa ovyo kwa kila mdudu aliyeonekana hafanyi kitu. Mwaka 1929 Shelford, Mmarekani pia, alipendekeza libakizwe kwa kusimama kunakotoka ndani ya mwili wa mdudu, na kule kunakofuata hali ya nje papo kwa papo kupewe jina lake. Maana unayoikuta leo kwenye ripoti za kilimo imejengwa juu ya mgawanyo huo, na mimi naushikilia kwa nguvu kwa sababu mkulima anaweza kupata au kukosa gunia kwa ajili yake.

Tuje kwa bungua mwenyewe, Busseola fusca, ambaye mikoa mingine huitwa funza wa mabua. Nondo jike hutaga mayai kati ya bua na sehemu ya chini ya jani inayolikumbatia. Viwavi wadogo hula majani machanga kwanza, kisha hutoboa na kuingia ndani ya bua. Kiwavi akianguliwa mwanzoni mwa msimu, mahindi yakiwa mabichi, hula, hukua, hugeuka pupa na kutoka nondo bila kupumzika popote. Kiwavi wa kizazi kinachofuata hujikuta ndani ya mmea unaokomaa. Maji ndani ya bua yanapungua, protini inapungua, na mlo unabadilika mdomoni mwake siku baada ya siku. Kwake huo ni ujumbe. Anakula mpaka ananenepa, anateremka sehemu ya chini ya bua karibu na mizizi, na hapo anaacha kukua. Anabaki kiwavi. Hageuki pupa, ingawa kwa ukubwa wa mwili angeweza.

Zingatia wakati anaofanya hivyo: chakula bado kipo, bua bado lina unyevu, kiangazi kamili hakijafika. Amesoma dalili ya jambo linalokuja na kulitangulia. Dalili ya namna hii yenyewe haina madhara. Bua kukomaa hakumuui kiwavi. Linalomuua ni kukosa mahindi mabichi miezi kadhaa baadaye, iwapo angetoka nondo na kutaga mayai shambani pasipo na mmea.

Ukipasua bua la namna hii mwezi wa Septemba utamkuta kwenye kishimo chake, rangi ya maziwa yenye uwekundu kidogo, kichwa cha kahawia, amezungukwa na unga wa bua alioutafuna. Mguse kwa ncha ya kijiti, atajikunja. Ukimweka kiganjani ataanza kutambaa. Ndiyo maana sipendi kusema bungua "amelala". Macho ya mwanafunzi yanamwona anatembea, naye ataamua kuwa mwalimu amekosea. Kilichosimama ni ukuaji. Kupumua kumepungua, mafuta aliyoyaweka akiba yanatumika kidogokidogo, na homoni zinazoongoza mageuzi ya mwili hazitoi amri ya kugeuka pupa.

Na nini kinamwamsha? Watafiti wameonesha kuwa kugusana na maji ni kichocheo kikubwa. Mvua za mwanzo zikilowesha bua, kiwavi hupata maji, hugeuka pupa, na baada ya wiki moja na nusu hadi mbili hivi nondo hutoka, wakati huohuo mkulima akiwa ameshapanda. Lakini maji hayafanyi kazi sawasawa wakati wote. Kiwavi aliyeanza dayapozi juzi hayaitikii kama yule aliyekaa miezi. Muda lazima upite ndani ya mwili wake kwanza, na sharti hili la muda ndilo linalomtenga na mdudu aliyetulia kwa ukame tu.

Kwa mkulima maana yake ni hii. Nondo wa kwanza wa msimu ujao wako shambani mwake tangu siku ya mavuno, ndani ya mabua aliyoyaacha yamesimama au aliyoyarundika kivulini kwa ajili ya uzio na ng'ombe. Kuwapulizia dawa wakati huo hakuna faida, kwani bua linawakinga. Kinachofaa ni kuyakata mabua chini kabisa na kuyalaza yametandazwa kwenye jua kali kwa wiki kadhaa kabla ya kuyahifadhi, au kuwalisha mifugo mapema. Joto na ukavu wa jua huua viwavi wengi ambao kivuli kingewatunza. Kuchoma moto nako kunaua, ila kunanyang'anya udongo mboji yake, na katika mashamba yaliyochoka mimi singeshauri.

Sasa mayai ya mbu wa dengi, Aedes aegypti. Jike huyabandika moja moja kwenye ukuta wa pipa, ndoo au tairi, juu kidogo ya usawa wa maji. Ndani ya siku chache lava mzima ameshaundika ndani ya yai, yuko tayari kutoka. Maji yasipopanda anabaki humo, na anaweza kuvumilia ukavu kwa miezi mingi. Anafanana mno na kiumbe aliye kwenye dayapozi, na nawaelewa wanafunzi wako. Lakini mwagia maji pipa hilo leo na utaona lava wakiogelea muda si mrefu. Wachache huhitaji kuloweshwa zaidi ya mara moja, ila hakuna kalenda ya ndani inayowazuia wote. Wametulia, basi. Ndugu yake, Aedes albopictus wa nchi zenye baridi, ndiye mwenye dayapozi ya kweli. Jike aliyekulia katika siku fupi za kuelekea majira ya baridi hutaga mayai ambayo hata ukiyazamisha majini hayaanguliki mpaka wakati wake ufike.

Dar es Salaam, iliyokumbwa na dengi mwaka 2014 na tena 2019, inahitaji kulijua hili kwa vitendo. Kumwaga maji ya pipa peke yake kunaacha mayai ukutani, yakisubiri pipa lijazwe upya. Ukuta wa pipa usuguliwe kwa brashi.

Kamongo niseme kwa ufupi. Huyu ni samaki aliyekwishakua. Dimbwi linapokauka, baadhi ya kamongo, hasa Protopterus annectens, hujichimbia kwenye matope na kujivika gamba la ute uliokauka wenye tundu la kupitisha hewa. Amonia yake huigeuza kuwa urea ili isimdhuru, naye huishi kwa kula misuli ya mwili wake. Maji yakirudi anatoka. Hakuna hatua ya ukuaji iliyosimamishwa hapo, na kilichomwamsha ni maji yenyewe. Jina lake ni estivesheni, yaani kupisha kiangazi kwa kupunguza shughuli za mwili. Neno hilo linataja majira na hali ya mnyama, wakati dayapozi inataja namna ukuaji unavyoongozwa. Hivyo inawezekana kabisa mdudu mmoja akawa anapisha kiangazi na papo hapo yuko kwenye dayapozi. Bungua wako ni mfano. Mwenzako wa idara ameona kitu cha kweli, ila ametumia jina la jambo moja kwa lingine.

Kama anataka samaki kwa vyovyote, yupo anayestahili, na ni wa kwetu. Katika madimbwi ya msimu ya pwani ya Tanzania, Kenya na Msumbiji wanaishi samaki wadogo wa jenasi Nothobranchius. Madume yana rangi kali za bluu na nyekundu, majike ni ya kijivu. Mmoja wao, Nothobranchius guentheri, hapatikani kwa asili popote duniani isipokuwa Unguja, naye alipewa jina la kisayansi mwaka uleule wa 1893 ambao Wheeler aliandika neno lake. Dimbwi linajaa kwa mvua, samaki wanaanguliwa, wanakua kwa kasi ya ajabu, wanataga ndani ya tope, kisha dimbwi linakauka na wote wanakufa. Msumbiji, jamaa yao Nothobranchius furzeri amepimwa porini akifikia umri wa kuzaa siku 14 tu baada ya kuanguliwa. Hakuna samaki mwingine, wala mnyama mwingine yeyote mwenye uti wa mgongo, anayejulikana kukomaa upesi hivyo.

Kinachobaki ni mayai, ndani ya ule udongo mweusi wa mbuga unaopasuka jua likiwaka. Msimu ujao dimbwi likijaa, samaki wapo tena, na wapo watu wanaoamini kuwa wameshuka na mvua. Ukitazama yai hilo kwa hadubini utaelewa kwa nini nalipenda kuliko mifano yote. Kiinitete chake kinaweza kusimama katika vituo vitatu, ambavyo Mmarekani John Wourms alivieleza mwaka 1972 kwa samaki wa Amerika ya Kusini wenye maisha kama haya. Kituo cha kwanza ni mapema mno, chembe zikiwa zimetawanyika juu ya kiini na mwili haujaanza kuchorwa. Cha pili ni katikati, mhimili wa mwili umeshajengwa na moyo umeshaumbika. Cha tatu ni mwishoni, samaki amekamilika, macho yanaonekana, amejikunja ndani ya ganda akingoja maji.

Katika kituo cha pili kiinitete kinaweza kukaa wiki, miezi, hata muda unaozidi umri wa samaki mzima. Watafiti wa Marekani walichapisha mwaka 2020 kuwa wakati huo wa kusubiri haumpunguzii samaki siku zake. Akianguliwa anaishi na kukua kama ambaye hakusubiri. Na katika mayai ya jike mmoja, mengine hukipita kituo hicho bila kusimama na mengine husimama. Mvua ikidanganya, ikanyesha wiki moja na kukatika, walioanguliwa upesi wataangamia, nao waliobaki kwenye tope wataendeleza ukoo. Yai ambalo lingetulia kwa kukosa maji tu lisingeweza kujigawa hivyo, kwani mayai yote yaliyoloweshwa yangeanguliwa pamoja na kufa pamoja.

Hapa nataka kukuonya kuhusu vitabu. Maelezo mengi ya dayapozi yameandikwa na watu wa nchi za baridi, kwa hiyo utasoma kwamba mdudu hupima urefu wa mchana na kwamba baridi ndiyo humwondolea dayapozi. Kwao ni kweli. Carroll Williams wa chuo kikuu cha Harvard alionesha jambo hilo vizuri mno katika miaka ya 1940 kwa nondo mkubwa aitwaye cecropia. Pupa wa nondo huyo akiwekwa kwenye joto la chumbani anakaa miezi bila kuendelea. Akipitishwa kwanza kwenye baridi kwa wiki kadhaa, kisha akarudishwa kwenye joto, anakua na kuwa nondo. Williams alichukua ubongo wa pupa aliyepitia baridi akaupandikiza kwa pupa ambaye hajapitia, na huyu wa pili akaendelea kukua. Saa inayohesabu likizo iko ubongoni, na inatoa amri kwa homoni.

Lakini Mbeya, Kisumu au Bujumbura mchana haubadiliki sana kwa mwaka, na baridi ya kuganda haipo. Wadudu wetu wengi husoma dalili nyingine, kama bungua anavyosoma mmea. Usiwafundishe wanafunzi kuwa bila majira ya baridi hakuna dayapozi. Wala usiwaambie kuwa urefu wa mchana hauna kazi kabisa kwetu. Nzige mwekundu, ambaye mazalio yake yanajumuisha tambarare za Ziwa Rukwa huko karibu nanyi, huwa mzima mwishoni mwa masika na hukaa kiangazi chote bila mayai kukomaa tumboni, mpaka karibu na mvua za Novemba. Mabadiliko ya urefu wa mchana, hata madogo, yana sehemu katika kumwongoza. Nzige wa jangwani aliyeivamia Kenya kuanzia mwisho wa 2019 hana dayapozi. Mayai yake yakipata unyevu na joto yanaendelea moja kwa moja, na ndiyo sababu makundi yake yanaweza kuzaana mfululizo pale mvua zinapofuatana.

Umeuliza pia litumike kwa viumbe gani. Kwa wadudu hakuna ubishi, na unaweza kutaja hatua: dayapozi ya yai kama kwa nondo wa hariri, ya lava kama kwa bungua, ya pupa kama kwa cecropia, ya mdudu mzima kama kwa nzige mwekundu. Kwa nondo wa hariri mama ndiye anayeamua. Joto na mwanga alioupata yeye akiwa bado ndani ya yai huamua kama mayai atakayotaga yatasimama au yataendelea.

Kwa mamalia neno linatumika pia, kwa kiinitete kinachoelea ndani ya mji wa mimba kabla ya kujipachika ukutani. Paa wa Ulaya hupandwa Julai na Agosti, kiinitete kikangoja karibu miezi mitano, ndama wakazaliwa Mei na Juni. Mfano wa Afrika Mashariki ulipatikana Kampala, ambako F. A. Mutere alichapisha mwaka 1965 kuhusu popo wa matunda, Eidolon helvum. Popo hao hupandana kati ya Aprili na Juni, kiinitete hujipachika Oktoba au Novemba, na watoto huzaliwa Februari na Machi mvua zikiwa zinaanza. Ni karibu kabisa na mstari wa ikweta, mahali ambapo wengi wasingetegemea kuchelewa kwa namna hiyo.

Kwa mbegu za mimea usilitumie, hata kama zinangoja vilevile. Wataalamu wa mimea wana istilahi zao, na mwanafunzi atachanganyikiwa kwenye mtihani. Wala usilitumie kwa yule lava wa inzi Polypedilum vanderplanki wa mashimo ya miamba ya Nigeria na Uganda, anayekauka mpaka kubaki na takribani asilimia 3 ya maji yake na kufufuka akiloweshwa. Kwake hakuna ukuaji uliopunguzwa wala pumzi iliyopunguzwa. Shughuli za mwili zimekoma kabisa, na jina lake ni kriptobiosi.

Katika kuandika, mimi huliweka kwenye ngeli ya i-/zi-: dayapozi imeanza, dayapozi zimetofautiana. Kiumbe huingia kwenye dayapozi, hukaa kwenye dayapozi, hutoka kwenye dayapozi. Ile inayompata kila mmoja katika kila kizazi bila kujali mazingira, iite ya lazima. Ile inayotokea kwa kizazi kilichopata dalili tu, kama ya bungua, wengine huiita ya hiari, lakini mdudu hana hiari hapo. Mimi naandika "dayapozi ya masharti".

Ukitaka wanafunzi walione kwa macho, mazingira yenu yanafaa. Baada ya mavuno, mwezi Julai, wapasue mabua na kuchukua viwavi ishirini au zaidi, kila mmoja kwenye chupa yake ndogo yenye kifuniko kilichotobolewa. Nusu wawekewe kipande cha bua kikavu. Nusu wawekewe bua lililoloweshwa na pamba yenye maji, inayobadilishwa kila siku mbili ili isiote ukungu. Waandike kwenye daftari tarehe ambayo kila kiwavi anageuka pupa. Mwezi Oktoba, kabla ya mvua, warudie zoezi lote kwa viwavi wapya kutoka mabua yaliyobaki shambani. Kisha walinganishe wale waliopewa maji Julai na wale waliopewa maji Oktoba. Kama maji peke yake ndiyo yaliyokuwa yanakosekana, makundi hayo mawili yangegeuka pupa kwa muda uleule. Tazamieni wa Oktoba kutangulia, na mwambie mwenzako wa idara awepo siku ya kuhesabu.